Mashua ya Baba na Maji ya Ami Rashid

Daktari ameniandikia vidonge vya mafuta ya samaki kwa ajili ya magoti. Kimoja kilipasukia mkobani wiki iliyopita, nimesimama kwenye foleni ya duka la dawa hapa Ansab, Maskati, na mpaka naandika haya mkoba bado uko uani unapigwa jua. Nimeusugua kwa siki, kwa ndimu, kwa sabuni ya unga, wapi. Binti yangu ananiambia, "Mama, si uutupe tu ununue mwengine." Hajui kwamba mimi na harufu hii tunajuana zamani. Ni harufu ya sifa, yale mafuta ya maini ya papa, na niliipakaza mashua ya baba yangu ndani na nje kwa mikono yangu hii, nikiwa na miaka minane, pwani ya Matrah, katika joto ambalo hata mbwa walikuwa wamelihama.

Baba alikuwa mwalimu wa jiografia Unguja, na kama kuna kazi inayomharibu mtu asiweze tena kuambiwa kitu, basi ni hiyo. Tulipohamia Maskati na masanduku yetu mawili na cherehani ya Mama, alikuta hakuna anayemtaka mwalimu wa jiografia. Skuli zenyewe hazikuwapo, ila mbili tatu. Akapata mashua. Ilikuwa ya binamu yake marehemu, ndogo, ya mbao, ya makasia na tanga moja lenye viraka, na wenyewe wakamwachia. Meli siku hizo hazikufika ufukweni. Zilitia nanga nje, na abiria wakateremshwa kwa vyombo vidogo. Wakala mmoja wa meli alimwahidi Baba kwamba joto likipungua na safari zikizidi, naye atakuwa miongoni mwa wabeba abiria, mradi chombo chake kiwe kizima. Kisipokuwa kizima, basi ni Kuweti.

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa Kuweti ilikuwa nini. Mtaa wetu ulikuwa wa wanawake, watoto na wazee. Waume wote walikuwa kazini Kuweti au Bahreni, na walikuwa barua tu. Mama alilisema wazi mbele yangu, hakunificha: "Mashua ikipona, baba yako anakaa. Ikifa, anakwenda. Kwa hiyo ukipita karibu yake iombee dua."

Nasikia watu wa nchi za baridi huzipandisha mashua zao nchi kavu wakati wa baridi. Sisi tulizilaza wakati wa joto, kazi zinapolala na mbao zinapoumia. Jambo hilo kila mtu wa Matrah alilijua na alikuwa na njia yake ya kulifanya. Baba naye alikuwa na njia yake, ila ilikuwa ya Unguja.

"Sasa ni kipupwe," alitangaza asubuhi ya kazi, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kikoi. "Miezi hii ni ya kipupwe. Kusi linavuma."

"Kipupwe!" Mama alisema. "Nna mayai jikoni yanataka kujichemsha yenyewe, yeye ana kipupwe."

"Unguja, miezi hii..."

"Tuko Unguja sisi? Hebu chungulia dirishani uniambie unaona nini."

Baba hakuchungulia. Watoto wawili wa jirani na watu wazima wanne walimsaidia kuivuta mashua juu ya magogo ya mtende mpaka mahali maji hayafiki, akawashukuru kwa Kiarabu chake cha vitabuni, kile kilichowafanya watu watazamane kwanza ndipo wajibu. Kisha tukabaki mimi na yeye. Tulikwangua vijidude vya baharini vilivyoganda chini ya mashua, vigumu kuliko mawe, mpaka vidole vyangu vikatoka damu. Tukaiosha kwa maji ya kisima, maji ya kunywa, yaliyobebwa kichwani kutoka mbali, na Mama alipoona mitungi mitupu alikaa kitako akashika tama. Maneno yote aliyasema baadaye, Baba alipochukua sufuria yake ya pilau kupikia deheni, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa chini ya chombo. Sufuria ile haikupika pilau tena mpaka tunaondoka nyumba ile.

Mwisho ikaja sifa. Baba alinipa tambara na debe, akaniambia niingie ndani nipake kila pembe, kwa kuwa mimi ni mdogo napenya. Niliitapikia mara mbili. Nywele zangu zilinuka wiki nzima, na chuoni tulipokuwa tukisoma Kurani wasichana walisogea, mkeka mzima ukabaki wangu. Walinicheka na kuniita Zinjibariya, yaani Mzanzibari, na hilo nilikuwa nimelizoea, lakini sasa waliongeza kuziba pua.

Alipomaliza kila kitu, Baba alipiga magoti akaing'oa nguruzi, kile kizibo cha mti kilicho chini kabisa ya mashua. Akanionyesha tundu. "Maji yoyote yakiingia yatatokea hapa. Mvua ikinyesha, chombo kinabaki kikavu. Maji ndani ya chombo ni adui, Rahma. Mimi nakwenda Sibu kwenye mavuno ya tende. Wewe ndiye nahodha. Ukiona maji humu, toa."

Mvua! Nimeishi nchi hii zaidi ya miaka hamsini, na ningependa mtu anionyeshe mvua ya mwezi wa sita Matrah. Lakini nilikuwa na miaka minane, na nilikuwa nimeitwa nahodha.

Hapo ndipo Ami Rashid alipokuja. Ukuta wake na wetu ulikuwa mmoja. Alikuwa mzee wa hapohapo, baharia wa zamani, na yeye ndiye aliyeadhini katika msikiti mdogo wa pwani, kwa sauti ambayo Mama alisema ingemtoa hata jini kitandani. Kiswahili hakujua hata neno. Aliizunguka mashua yetu, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaangalia lile tundu, akaanza kusema kwa Kiarabu cha haraka ambacho sikukifuata. Nilifuata mikono yake. Mikono ilisema kwamba jambo lililofanywa hapa ni la kijinga. Baba alijibu. Ami Rashid akapaza sauti. Baba akapaza zaidi. Watu wakasimama kutazama. Mimi nilimshika Baba kikoi na kumkodolea macho yule mzee, na moyoni nikamwandika kuwa adui yetu.

Mambo yaliyofuata niliyajua baada ya miaka, na kila nikiyakumbuka napandwa na hasira upya. Baada ya sala ya isha Mama alimbana Baba. Alimwambia kwamba Ami Rashid amesema kweli: jua la huku si la Unguja, mbao zikiachwa kavu zitajikunja na kuachana, na watu wote wa Matrah huzijaza mashua zao maji ya bahari kiasi kisha huzifunika, ili zibaki zimevimba na kushikana. Mzee amejitolea kuijaza yetu kila siku ya tatu mpaka Baba arudi. Baba alikubali shingo upande, akaenda kumwambia, akairudisha nguruzi mahali pake. Alfajiri akapanda punda kwenda Sibu. Na mimi, nahodha, hakuna aliyeniambia chochote. Wazee wetu walikuwa hivyo. Mtoto alipewa amri, amri ikabadilishwa, na mtoto akaachwa na ile ya kwanza.

Kwa hiyo fikiria nilichokiona siku ya pili. Yule mzee aliyemfokea baba yangu mbele ya watu anasubiri mpaka Baba ameondoka, anachukua ndoo mbili, anakwenda baharini, anarudi, anafunua makuti yetu na kumimina maji ndani ya mashua yetu. Ndoo baada ya ndoo, polepole, bila aibu, huku anajiimbia. Nilisimama nyuma ya ukuta nikizihesabu ndoo. Kumwambia Mama sikutaka, kwa sababu Mama naye siku ile ile alimpelekea sahani ya vitumbua, na nikaona wazi kwamba mzee yule amemdanganya na Mama.

Nikafanya kazi yangu. Kila alipojaza, baada ya adhuhuri, watu wazima walipolala, nilitambaa chini ya mashua kwenye mchanga unaochoma, nikaing'oa nguruzi kwa meno na kucha, nikayaacha maji yote yatoke. Yalinywewa na mchanga, na hata alama haikubaki. Nikairudisha nguruzi, nikafunika makuti kama yalivyokuwa. Alasiri Ami Rashid alikuwa akija, anachungulia, anashika kiuno. Nilimsikia akimwambia mtu, kwa Kiarabu cha polepole nilichoweza kukifuata, "Jua la mwaka huu linakunywa kuliko ngamia." Akaanza kujaza kila siku badala ya kila siku ya tatu. Mimi nami nikatoa kila siku. Tulifanya hivyo joto zima, yeye na mimi, na nilijiona shujaa wa kuandikiwa mashairi.

Baba alirudi na kapu la tende na furaha yake. Alikwenda pwani moja kwa moja, akafunua makuti. Mashua ilikuwa imeachana. Ungeweza kupitisha vidole kati ya ubao na ubao, misumari ilikuwa imechungulia nje, na mbao mbili za chini zilikuwa zimepasuka toka mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwa ni tenga, si mashua. Baba, kwa ukaidi wake, aliwaita watu akaisukuma baharini akidai itavimba na kujifunga. Ilikwenda hatua kumi, ikatulia, ikazama taratibu mbele ya Matrah yote, na tanga lenye viraka likabaki linaelea peke yake.

"Ulisema utaijaza," Baba alimwambia Ami Rashid, maji yanamfika kifuani.

"Nimeijaza, yaa ustadh. Wallahi, kila siku nimeijaza."

"Ingekuwa umeijaza ingekuwa hivi? Wewe mwenyewe ulinifundisha!"

"Nimeijaza kwa mikono yangu."

"Muongo," Baba alisema. Kwa lile neno Kiarabu chake hakikumwangusha. Alilitamka sawasawa, na pwani nzima ilisikia. "Mtu unaadhini, unaita watu kwa Mungu, na ni muongo."

Ami Rashid aliinama, akakunja kanzu yake iliyoloa, akaenda zake.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo, miguu kwenye maji. Katika yale maneno yao machache nilielewa kila kitu kwa mara moja: maji yalikuwa dawa, na adui nilikuwa mimi. Ningeweza kusema. Mdomo niliufungua, nakumbuka vizuri, na upepo ukaingia. Kisha nikafikiria Kuweti, kwamba Baba atakwenda na itakuwa kwa ajili yangu, na nikaufunga.

Baba aliondoka baada ya wiki tatu. Mashua iliopolewa ikarudishwa juu ya magogo yake. Mama alimfungia nguo, akamfungia tende, akamfungia na maneno: "Kwenda ni rahisi, bwana. Nataka kuona kurudi."

Basi akawa barua. Ziliandikwa kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, na zilieleza hali ya hewa ya Kuweti kwa kirefu. Mama alijibu kupitia mimi, maana yeye kuandika hakujua. "Mwambie mtoto analia," alikuwa akisema. "Mwambie mama mtoto analia. Mwambie ukuta unalia." Baba alikuwa akijibu kwamba Mungu akipenda mwakani. Mwakani ikafika ikapita. Mama alijaribu kila kitu, mapenzi, kununa, homa ya uongo, homa ya kweli. Jawabu lilikuwa mwakani, na chini yake vumbi la Kuweti, kasi yake na linakotokea. Nisiseme uongo, nilimchukia kidogo kwa barua zile. Nilijichukia zaidi.

Na miaka yote miwili ya barua zile Ami Rashid alituletea samaki. Kila Alkhamisi aligonga mlango, akaacha nguru au kibua kwenye kizingiti, akaondoka kabla Mama hajatoka kumshukuru. Ningemfahamu kama angetutukana. Samaki wale nilishindwa kuwameza. Mama akadhani nna minyoo, akaninywesha dawa chungu ya majani mpaka nikaomba dua ya minyoo ya kweli.

Ndipo siku moja adhana ya alasiri ikaadhiniwa na mtu mwengine, kijana mwenye sauti ya puani. Na magharibi vilevile, na siku iliyofuata. Mama alimwuliza mke wa Ami Rashid kulikoni, mzee mgonjwa? Tulikuwa nyumbani kwao. Yule bibi alishusha sauti.

"Hataki tena," alisema. "Anasema kichwa chake kimeharibika. Tangu ile mashua ya mumeo. Mwanzo aliapa aliijaza. Sasa anasema, maji hayawezi kutoka yenyewe ndani ya chombo kizima, kwa hiyo labda sikujaza, labda niliota. Anasema aliyesahau maji joto zima atasahau na saa ya sala, na atawaponza watu. Anafunga mafundo kwenye kilemba chake ili akumbuke rakaa."

Nilitoka nje nikakaa chini ya ngazi. Kumwacha mtu aitwe muongo niliweza, Mungu anisamehe. Lakini mtu anayefunga mafundo kwenye kilemba kwa sababu yangu, hilo sikuliweza. Mama alipotoka nikamwambia yote, kwa kwikwi, kamasi zinanitoka, toka nguruzi mpaka mchanga.

Nilitazamia kofi. Mama akasema, "Miaka miwili. Miaka miwili nimemlaani baba yako kwa ukaidi wake, na mzee wa watu kwa uvivu wake, na wewe umekaa hapo unakula wali." Kisha akajitupia kanga kichwani, akanishika mkono, si kwa upole, akanirudisha ndani mwa nyumba ile.

Ami Rashid alikuwa amekaa kwenye mkeka anashona wavu. Kilemba chake kilikuwa na mafundo kweli, manne, ya nyuzi za rangi tofauti. Nilimwambia kwa Kiarabu, nacho wakati huo kilikuwa tayari kizuri kuliko cha wazazi wangu, kwamba kila alichomimina mimi nilikitoa. Nilimweleza nguruzi niliing'oa vipi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku, ami."

"Na maji yalikuwamo? Ulipong'oa, yalitoka?"

"Yalitoka mengi."

Mzee alifunika uso kwa mikono. Mabega yalimtikisika, nikadhani nimemuua. Kumbe anacheka, na machozi yanampita vidoleni. "Alhamdulillah," alisema. "Alhamdulillah, kichwa kizima! Ewe mwanamke, njoo usikie, kichwa changu kizima!" Akavua kilemba akaanza kuyafungua mafundo, moja baada ya moja. Akanibusu utosini. "Nimekusamehe, binti yangu. Na baba yako mwandikieni nimemsamehe, dunia na akhera."

"La," Mama akasema.

Tulimgeukia sote.

"La, ami. Usimsamehe." Mama alikuwa anatafuta maneno ya Kiarabu kwa mikono, anayaokota hewani. "Si sasa. Bado. Nakuomba."

Hapo nikajua. Mama anataka niadhibiwe, hataki nisamehewe duniani wala akhera. Nilianza kulia upya, na hakuna aliyenishughulikia.

"Kwa nini nisimsamehe?" Ami Rashid aliuliza. "Amekosa kwa kutojua."

"Ukimsamehe kwa barua, atashukuru kwa barua," Mama alisema. "Mimi huyu mume namjua. Nimemlilia miaka miwili, hakuja. Lakini akisikia amemwita muongo mtu mkweli, mbele ya watu, na mtu huyo hajamsamehe, hatolala. Atakuja."

Mzee alifikiri. "Hiyo ni hila."

"Ni hila, ndiyo."

"Mimi sisemi uongo."

"Usiseme. Mimi n'tasema."

Alikuna ndevu. Mkewe alimpiga kikumbo. "Basi mwandikieni hivi," alisema hatimaye. "Rashid anataka uje mwenyewe. Huo si uongo, maana nataka."

Barua niliiandika mimi, na ilikuwa fupi kuliko zote tulizowahi kupeleka. Nilikiri nilichokiri. Mama aliongeza sentensi mbili: kwamba mzee ameacha kuadhini, na kwamba anataka uje mwenyewe. Nilimwambia, "Lakini Mama, kesho ataanza tena kuadhini." Akaniambia niandike ninachoambiwa, kwa kuwa ujuzi wangu ulishatufikisha hapa tulipo.

Baba hakujibu. Hakukuja vumbi, hakukuja mwakani. Baada ya mwezi na nusu, joto limeanza kuuma tena, nilimwona anakuja pwani na begi la ngozi, amekonda, masharubu yamekuwa meupe pembeni. Nilimkimbilia. Alinishika kichwa akanisogeza kando, bila ukali, akapita mlango wetu, na Mama amesimama ndani yake, akaenda kugonga mlango wa Ami Rashid. Naam. Alitupita. Miaka miwili, na alitupita.

Alikaribishwa, akaletewa kahawa. Mimi niliingia nyuma yake nikajibanza ukutani. Sasa, kwa watu wa huku, mtu aliyekuja na haja nzito hukiweka kikombe chini mbele yake. Hakinywi mpaka mwenyeji amwambie, "Kunywa, haja yako imekubaliwa." Mtoto yeyote wa Matrah anajua hivyo. Baba, mwalimu wa jiografia, anayejua mito ya Marekani yote, alipokea kikombe, akakinywa chote, akanyoosha mkono apewe cha pili. Akakinywa nacho. Ndipo akasafisha koo aanze kuomba radhi.

Nilimwona Ami Rashid akivuta pumzi, na uso wake umejaa nuru. Alikuwa amepata njia ya kuchelewesha bila kusema uongo hata wa punje.

"Umeshakunywa, yaa ustadh," alisema kwa upole. "Aliyekunywa amekuja kututembelea tu. Karibu sana. Haja utaileta siku nyengine."

"Siku gani?"

"Mashua yako bado iko pale. Mbao mbili nimekutafutia. Irekebishe, kisha ijaze maji. Wewe mwenyewe, kwa mikono yako, joto zima. Ikitoka salama, njoo na haja yako."

Baba alitaka kubishana. Nilimwona akilitafuta neno Unguja mdomoni mwake, na nikaona alivyolimeza.

Joto lile alikaa. Fundi alizibadilisha mbao, Baba akaziba nyufa kwa kalafati, na kila alasiri, baada ya Ami Rashid kuadhini kwa sauti yake ya kuwatoa majini vitandani, alikunja kikoi akabeba ndoo mbili toka baharini mpaka kwenye mashua. Alinung'unika njia nzima. Mgongo ulimuuma, jua lilimbabua, na alikuwa na nadharia mpya kuhusu uvukizi aliyomweleza kila aliyepita. Mama alikuwa akimtazama toka dirishani na kumwambia, "Jaza vizuri, isikauke," kisha anarudi kwenye cherehani yake. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile. Mimi nilipewa kazi moja tu, kutoigusa nguruzi.

Na hasira yangu naiweka hapa, kwa sababu ni yangu na bado ninayo. Machozi yetu hayakumrudisha. Mimi nilimwandikia kwamba jino langu limeng'oka na hayupo kulitupa juu ya paa, na hakuja. Alirudi kwa ajili ya neno alilomwambia jirani. Mama hakuona kasoro yoyote katika hilo. Alisema mume anarudishwa kwa kamba iliyopo, si kwa kamba unayoitamani.

Joto lilipovunjika, mashua iliingia majini na haikunywa tone. Nchi nayo siku hizo ilikuwa imeanza kubadilika, skuli zinafunguliwa, na wiki chache baadaye walikuja watu kumwulizia Baba nyumba kwa nyumba, wanatafuta walimu, na Kuweti hakurudi tena maishani mwake. Lakini alasiri ile ya mashua hakuna aliyelijua hilo, na begi la ngozi lilikuwa bado liko nyuma ya mlango. Baba alivaa kanzu safi. Ami Rashid alikuja kwetu safari hii, akakaa barazani, na Mama akapeleka kahawa kisha akasimama nami nyuma ya pazia. Baba, mgeni na mwenyeji wamegeuka lakini yeye hajali, aliweka kikombe chake chini mbele ya goti. Hakukigusa. Akasema kwa kile Kiarabu cha vitabuni kwamba alimwita mkweli muongo, na kwamba anaomba radhi mbele ya Mungu na mbele ya pwani ile.

Ami Rashid alikitazama kikombe. Akamtazama Baba, mabega yaliyobabuka, viganja vilivyoota sugu. Mzee wa watu alishindwa kujizuia hata kidogo.

"Kunywa," alisema. "Nimekusamehe."

Mama alinibana bega mpaka nikaumia. "Lo, mzee huyu," alininong'oneza kwa Kiswahili, "mbona mapema hivo?"